Kipande cha Baba: Pochi Iliyopotea Kisumu

Niligundua kwamba sina pochi wakati makanga alipoanza kukusanya nauli. Nilipeleka mkono mfuko wa nyuma, mkono ukarudi mtupu. Nikajisachi mfuko wa mbele, kisha ndani ya koti, kisha chini ya kiti, kama tunavyofanya wote tukijua kabisa kwamba kitu hakipo lakini hatutaki kukubali. Ilikuwa Agosti 2018, jijini Kisumu, na nilikuwa nimetoka nyumbani kwetu Manyamanyama, Bunda, siku moja kabla. Sikumjua mtu hata mmoja katika mji ule.

Makanga alinitazama usoni, akaona kuwa si uongo. "Shuka tu, buda," akasema. Nikashuka.

Nikuambie kilichokuwa ndani, msomaji, maana waleti ya mtu ni wasifu wake uliokunjwa. Kulikuwa na shilingi 6,500 za Kenya na shilingi 40,000 za kwetu. Kulikuwa na kitambulisho changu cha mpiga kura. Kulikuwa na hati ya dharura ya kusafiria, ile karatasi tunayopewa sisi tusio na pasipoti tunapokwenda nchi jirani, nimeikunja mara nne. Vyote hivyo vina dawa: fedha hutafutwa, karatasi huandikwa upya. Lakini nyuma kabisa, kwenye kile kijimfuko ambacho watu huweka picha za watoto, kulikuwa na kadi ya kazi ya marehemu baba yangu, ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Hiyo haiandikwi upya. Shirika lenyewe halipo.

Baba alikuwa fundi mitambo wa meli, akifanya kazi Kisumu. Enzi hizo meli za ziwani zilikuwa chini ya shirika la reli, na mtu wa Mara kufanya kazi Kisumu lilikuwa jambo la kawaida kama leo mtu wa Bunda kufanya kazi Mwanza. Mwanzoni mwa mwaka 1977 alikuja nyumbani likizo. Alikuja na begi dogo, kwa sababu alikuwa anarudi baada ya wiki mbili. Februari mpaka ukafungwa. Chumba chake, baiskeli yake, sanduku la nguo na rafiki zake vikabaki ng'ambo. Alichobaki nacho kutoka maisha ya miaka minane ni ile kadi iliyokuwa mfukoni mwake.

Kwa hiyo mimi, mwanawe, niliichukua kadi ile kutoka kwenye kopo la mama la karatasi, nikaipeleka Kisumu nikatafute nyumba za reli alikoishi. Na nikaipoteza hukohuko. Kitu pekee alichofanikiwa kukitoa Kisumu, mimi nikakirudisha na kukiacha.

*

Karibu na stendi palikuwa na mama anayeuza chai, maandazi na samaki wa kukaanga. Alikuwa ameniona nikizunguka kama kuku aliyekosa kiota. Aliniita.

"Wewe ni mgeni. Umeibiwa ama umepoteza?"

"Sijui, mama."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Keti hapo kwanza, unywe chai."

Nikamwambia sina pesa. Akasema hakuniuliza pesa. Akamimina kikombe, akaweka maandazi mawili, kisha akatoa daftari la shule lililokunjika pembe, akaandika kitu. Sikuona alichoandika. Baada ya chai akamwambia kijana wake anipeleke kituo cha polisi.

Askari aliyetupokea alikuwa mtu mpole. Alifungua kitabu kikubwa, akaniuliza maswali, na swali lake la tatu ndilo lililonifanya baadaye niandike makala hii: "Ulikuwa na kipande?"

Kwetu Tanzania mtu angesema kitambulisho. Wakenya wengi hadi leo husema kipande. Yule askari hakuwa na nia yoyote. Ni neno lake la kila siku. Lakini mimi mpenda historia, hata nikiwa sina senti mfukoni, nilisikia mlango mkubwa ukifunguka.

Neno hili lina historia mbili, moja kila upande wa mpaka. Upande wetu, enzi za Mjerumani na baadaye Mwingereza, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, hasa katika mashamba ya mkonge. Kila siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Upande wa Kenya kipande kilikuwa kitu kingine. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Watu walikifananisha na njuga ya mbuzi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukitoroka, kile kikopo ndicho kinachokusaliti. Kutembea bila kipande kulikuwa kosa la jinai.

Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi baada ya kuwahamasisha watu dhidi ya kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Umati ulipokusanyika kudai aachiwe, polisi walifyatua risasi, wakaua watu wasiopungua 20, akiwamo Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewachochea wanaume waache woga. Kipande cha Waafrika peke yao kiliondolewa mwaka 1947, ukaja uandikishaji wa wanaume wa rangi zote. Wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye vitambulisho mwaka 1978 tu. Kikopo kikatoka shingoni; neno likabaki mdomoni.

Nawaza kwamba hapo ndipo kupoteza pochi kulipobadilika maana. Kabla ya hapo, msafiri aliyepoteza mkoba alipoteza mali. Tangu kipande, anapoteza na uthibitisho kwamba yeye ni yeye. Nilipokuwa nimesimama mbele ya kile kitabu, fedha hazikuniuma kama hofu ndogo iliyonishika: nikisema mimi ni fulani wa Manyamanyama, nani atathibitisha?

Askari aliandika namba kwenye kikaratasi. Akaniambia nirudi kesho nichukue barua ya polisi, ile wanayoiita abstrakti, itakayonivusha mpakani. "Mpaka kesho tafuta watu wako," akasema. Nikamjibu sina watu hapa. Akacheka, akamwonyesha kwa kidevu yule kijana wa mama chai. "Na huyu ni nani?"

*

Waliosoma Ibn Battuta watakuwa wamekumbuka jambo. Mtu yule wa Tangier alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Anachosimulia kuhusu Mogadishu ni hiki: jahazi likifika, vijana hutoka kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula, na kila mmoja humpa mfanyabiashara mmoja chakula na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hulala nyumba ya mwenyeji huyo, na mwenyeji humsimamia katika kuuza na kununua. Ulikuwa ukarimu, ndiyo, lakini ulikuwa pia utaratibu wa biashara. Mgeni asiye na mwenyeji hakuwa na mtu wa kumdhamini, na mwenyeji alipata faida yake.

Ibn Battuta mwenyewe aliuhitaji utaratibu wa namna hiyo kuliko alivyotarajia. Miaka kumi na kitu baadaye, akiwa India, Sultani wa Delhi alimtuma kwenda China na zawadi nyingi. Njiani aliporwa na kuachwa karibu uchi. Akaokolewa na mtu asiyemjua aliyembeba mgongoni. Alipofika Calicut, dhoruba ikazizamisha zawadi na watu, yeye akiwa nchi kavu. Anasema alibaki na zulia la kulalia na dinari 10. Mjumbe wa Sultani! Lakini aliendelea kusafiri miaka mingine mingi, kwa sababu kila mji alioingia alikuta kadhi, au shehe, au mfanyabiashara wa kumwambia karibu. Pochi yake halisi ilikuwa elimu yake ya sheria na lugha ya Kiarabu, na hizo hazizami.

Sisi wa bara nasi tulikuwa na taratibu zetu. Katika njia za misafara, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na watani wao kuanzia ndani hadi pwani: Wazaramo, Wazigua na wengine. Leo tunauchukulia utani kama vichekesho vya msibani, lakini kwa mpagazi ulikuwa bima. Mtani angeweza kuchukua chakula shambani kwa mtani wake bila kuitwa mwizi. Mtani akifia njiani, mtani mwenzake alikuwa na wajibu wa kumzika. Alikuwa na watu katika nchi ya watu wengine, na hakuhitaji karatasi kuthibitisha.

Upo pia mfano wa Mswahili aliyekwenda mbali zaidi. Salim bin Abakari alisafiri mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia akiwa na Mjerumani Theodor Bumiller, na habari za safari yake zikachapwa katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli, mwaka 1901. Ni moja ya simulizi za safari za mwanzo kabisa katika nathari ya Kiswahili, na nashangaa kwamba haisomwi shuleni. Lakini ukifikiria, Salim alisafiri chini ya mfuko wa mtu mwingine. Alikuwa na mdhamini, siyo mwenyeji, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mdhamini ukiachana naye, umekwisha. Mwenyeji hata ukiachana naye, anakupa njia.

*

Jioni ile nililala kwa mama chai, sebuleni, juu ya godoro walilolitoa chumba cha watoto. Alinitambulisha kwa majirani kwa neno moja la Kijaluo: *wendo*. Neno hilo nalijua, maana Bunda na Musoma tumekua na Wajaluo. Maana yake mgeni. Mimi ni Mjita, lakini nilijibu salamu zao kwa Kijaluo changu cha kuokoteza, wakafurahi, wakaniambia kumbe mimi si mgeni kabisa.

Na kweli, ugeni wangu pale ulikuwa na umri wa miaka 132 tu. Tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuigawa nchi hii. Mstari ulianza mlango wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro, ukaenda moja kwa moja hadi pale latitudo ya digrii moja kusini inapokutana na ziwa. Aliyeuchora hakuwa amefika Sirari. Wakurya wakajikuta wako nchi mbili, Wajaluo vilevile. Kwa muda mrefu baadaye mstari huo ulikuwa mwepesi. Tangu mwaka 1921 tulikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki, chini ya Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919. Noti aliyopokea mtu Kisumu ilinunua ng'ombe Bunda bila kubadilishwa. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake, zote zikiwa sawa kwa thamani. Mwaka niliopoteza pochi, shilingi moja ya Kenya ilikuwa inakaribishwa na zaidi ya shilingi 20 za Tanzania. Ndiyo maana wezi wa pande zote mbili, nikidhani sawasawa, hawazipendi sana noti zetu.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967 ilikuwa imeugua kwa muda: ugomvi juu ya fedha za mashirika, tofauti za siasa, Idi Amin ambaye Nyerere hakutaka kukaa naye meza moja. Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Mali zilizokuwa za pamoja ziligawanywa kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, na makubaliano yakatiwa sahihi Mei 1984. Katika ziwa letu kulikuwa na vivuko viwili vikubwa vya kubeba mabehewa, pacha, vilivyojengwa miaka ya 1960. Kimoja kiliitwa Uhuru na kingine Umoja. Uhuru kikaenda Kenya, Umoja kikabaki Tanzania. Majina haya sijayatunga mimi. Mwandishi wa hadithi angeyatumia, mhariri angemwambia apunguze chumvi.

Watu kama baba hawakuwemo kwenye mgawanyo wa vivuko. Wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya walifuatilia mafao yao kwa miongo, hadi mahakamani Dar es Salaam. Baba alichoka mapema. Alilima pamba, akafunga mashine za watu za kusaga, na kila akiulizwa habari za Kisumu alisema, "Nimeacha mlango nimeurudishia tu." Nilipokuwa mdogo nilidhani anazungumzia mlango wa kweli.

*

Asubuhi nilichukua barua yangu polisi. Mdogo wangu kule Manyamanyama alikwenda kwa wakala, akatuma hela kutoka M-Pesa ya kwetu hadi namba ya mama chai. Mitandao ya pande hizi mbili ilishaunganishwa tangu mwaka 2015. Dakika tatu. Simu ya mama ikalia, akasoma ujumbe, akahesabu na kunipa. Hapo nikamkumbuka baba kwa uchungu. Kwa miaka sita mpaka ukiwa umefungwa hakuweza kupeleka hata barua ya kumwomba rafiki amuuzie baiskeli.

Nikamwambia mama sasa naweza kurudi nyumbani. Akauliza, "Si ulisema ulikuja kutafuta nyumba? Umeipata?"

Kijana wake akanipeleka upande wa reli. Tulimkuta mzee mmoja amekaa nje ya mlango, miguu juani. Nilimweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwamba atashtuka, atataja jina la baba, atalia. Hakumkumbuka. Alijitahidi kwa heshima, akauliza urefu wake, akauliza kama alikuwa anacheza mpira, kisha akatikisa kichwa. "Wabongo walikuwa wengi hapa, kijana wangu. Wengine tulikunywa nao chai Ijumaa, Jumatatu hawapo."

Nikamuuliza vitu vyao vilikwenda wapi. Akasema kwa muda vilihifadhiwa. Watu walifikiri ni suala la wiki. Baadaye vyumba vikahitajika. Nguo zikavaliwa. Baiskeli zikaendeshwa. "Hatukuiba," akasema, japo sikuwa nimemuuliza hilo. "Tulingoja. Mtu hungoja mpaka anaona aibu kungoja."

Nikamwambia habari ya kadi. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na bahasha. Alikuwa na yake. Kadi ileile, shirika lilelile, karatasi imepauka rangi ileile ya chai ya maziwa, isipokuwa jina na sura ni za mtu mwingine. Akaniachia niishike. Nikaishika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nikapitisha kidole gumba pale ambapo kwenye ya baba palikuwa na mkunjo. Hapakuwa na mkunjo. Nikamrudishia.

Sirari nilivuka saa tisa alasiri. Ofisa alisoma barua ya polisi mara mbili, akaniuliza kata, mtaa, jina la mwenyekiti wa mtaa. Nilipotaja Manyamanyama akainua macho, akaniuliza kwa Kijita nyumba yetu iko upande gani wa hospitali. Nikamweleza. Akagonga muhuri.

Pochi haikuonekana hadi leo. Nimeshajifunza yale ambayo kila mtu angeniambia: fedha ziwekwe sehemu mbili, hati ipigwe picha na kutumwa kwa ndugu kabla ya safari, na kitu kisichoandikwa upya kibaki nyumbani. Kabla sijaondoka Kisumu nilitaka kulipa chai, maandazi, chakula cha usiku na nauli ya kijana. Mama alilifungua lile daftari bila ubishi, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara, akanionyesha hesabu. Wadaiwa wote walikuwa kwa majina: baba fulani, mama fulani, kijana wa pikipiki. Mstari wangu hakuwa na jina la kuandika, siku ile ya kwanza hakuniuliza hata. Ameandika: *Wendo, 80.* Chai na maandazi mawili. Usiku na chakula havikuandikwa.

Nikalipa 80. Akachora mstari juu ya neno, akanipa chenji.